Timu Yenye Shida na Mchezaji Mkongwe

1. Mchezo wenyewe

Michezo mingi ni ya zamani sana, wala hapana ajuaye ni nani aliyeianza. Mpira wa kikapu si hivyo. Aliyeubuni ajulikana, na mahali alipoubuni pajulikana. Mtu huyo ni James Naismith, mzaliwa wa Kanada, aliyekuwa mwalimu katika chuo cha Chama cha Vijana Wakristo huko Springfield, jimbo la Massachusetts, katika nchi ya Marekani. Ilikuwa mwezi wa Desemba, mwaka 1891. Baridi ilikuwa kali, vijana wa chuo hawakuweza kucheza nje, na mazoezi ya ndani yalikuwa yamewachosha. Mkubwa wa Naismith akamwagiza atafute mchezo mpya. Basi akatwaa vikapu viwili vya kutilia matunda, akavipigilia juu kwenye ukingo wa roshani, kimoja upande huu na kimoja upande wa pili, futi 10 kutoka chini. Akawagawa vijana makundi mawili, akawaambia washindane kuutia mpira kikapuni. Vikapu vile vilikuwa na kitako. Kwa hiyo kila mpira ulipoingia ilipasa mtu apande ngazi autoe.

Siku hizi kikapu ni pete ya chuma yenye wavu usio na kitako, lakini kimo chake kutoka chini ni kile kile, futi 10. Kila upande huingiza wachezaji 5 uwanjani, na wengine hukaa benchi wakingoja zamu zao. Mpira ukiingia kikapuni huleta pointi 2. Ukitupwa kutoka mbali, nje ya mstari uliochorwa, huleta pointi 3. Na mtupo wa bure, ambao hupewa mtu aliyechezewa vibaya, huleta pointi 1.

Ligi iliyo kubwa kupita zote katika mchezo huu iko Marekani, nayo huitwa NBA. Ina timu 30. Kila timu hucheza mechi 82 katika msimu mmoja, na kila mechi ni dakika 48. Msimu ukiisha, timu zilizoshinda zaidi huingia katika mashindano ya mwisho, nazo hukutana mbili mbili. Anayeshinda mechi 4 kwanza huendelea, na anayeshindwa hurudi kwao. Hivyo huendelea mpaka ibaki timu moja tu, nayo ndiyo bingwa.

2. Maana ya mchezaji huru

Wachezaji wa ligi hiyo hawachezi kwa kujifurahisha tu. Ni kazi yao, nao hulipwa mshahara. Kila mmoja hufungwa na mkataba, yaani maandiko yaliyotiwa sahihi na pande mbili, yakisema atachezea timu gani, kwa miaka mingapi, na kwa fedha kiasi gani. Mkataba ukiisha, au timu ikimwacha kabla ya wakati, mtu huyo hana timu. Huyo ndiye aitwaye mchezaji huru. Aweza kwenda kokote anakotakiwa. Lakini uhuru huo una pande mbili: mtu mwenye nguvu na sifa huitwa na timu nyingi, akachagua, bali asiyeitwa na mtu huketi nyumbani, simu yake ikiwa kimya.

Timu nazo zina mipaka yao. Kwa desturi timu haiwezi kuwa na wachezaji zaidi ya 15 wenye mikataba kamili. Tena ligi imeweka kikomo cha mishahara, ili timu za matajiri zisinunue wachezaji hodari wote. Timu ipitayo kipimo fulani hutozwa fedha nyingi juu yake. Kwa hiyo kumwandika mtu mmoja si jambo jepesi. Nafasi anayopewa huyu hawezi kupewa yule, na dakika anazocheza huyu ni dakika ambazo mwingine amekaa benchi.

Basi fikiri timu ambayo mambo yake yamekwenda vibaya. Imeshindwa mara nyingi, watu wake wameumia, na mashabiki wananung'unika. Huko nje yuko mchezaji huru mkongwe, aliyekuwa na jina kubwa zamani, naye ataka kazi. Je, wamwite au wasimwite? Swali hili hutokea karibu kila mwaka. Lilitokea kwa namna iliyo wazi sana katika mji wa Portland, mwaka 2019, na habari zake zafaa kujifunza.

3. Shida ya Portland

Portland ni mji ulio magharibi ya Marekani, katika jimbo la Oregon. Timu yake huitwa Trail Blazers, maana yake watu wanaotangulia kufungua njia porini. Ilianzishwa mwaka 1970, ikapata ubingwa mwaka 1977, na tangu hapo haijaupata tena.

Katika msimu wa 2018 hadi 2019 timu hii ilifanya vizuri sana. Ilishinda mechi 53 na kushindwa 29. Katika mashindano ya mwisho iliziondoa timu za Oklahoma City na Denver, ikafika karibu na mlango wa fainali. Hapo ikakutana na Golden State, ikashindwa mechi 4 kwa sifuri. Hata hivyo watu wa Portland walifurahi, kwa maana walikuwa na walinzi wawili hodari, Damian Lillard na C. J. McCollum, na wengi walidhani kuwa mwaka utakaofuata watafika mbali zaidi.

Lakini nyumba hubomoka kwa kutolewa nguzo moja moja. Jusuf Nurkić, mtu mrefu aliyesimama katikati, alikuwa amevunjika mguu mwezi wa Machi 2019, wala hakuwa amepona. Wachezaji wawili waliosimama pembeni mbele, Al-Farouq Aminu na Maurice Harkless, waliondoka wakati wa mapumziko: mmoja alikwenda Orlando, na mwingine akabadilishwa kwa mchezaji wa timu nyingine. Kijana Zach Collins ndiye aliyetazamiwa kuziba pengo hilo. Msimu ulipoanza mwezi wa Oktoba, akaumia bega katika mechi ya tatu, akatoka.

Ndipo shida ilipoonekana. Kila timu waliyopambana nayo ilijua ya kuwa hatari ya Portland ni wale walinzi wawili tu. Iliwatuma watu wawili kumzuia Lillard, naye alipoutoa mpira, hapakuwa na mtu mkubwa wa mwili, wa kusimama pembeni mbele, aliyeweza kuutia kikapuni kwa hakika. Hata ilipofika tarehe 13 Novemba 2019, Portland walikuwa wameshinda mechi 4 tu, na wameshindwa 8.

4. Mtu mwenyewe

Wakati huo Carmelo Anthony alikuwa na umri wa miaka 35, naye hakuwa na timu.

Alizaliwa Brooklyn, katika mji wa New York, mwaka 1984. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto wa miaka miwili. Alipokuwa na umri wa miaka minane mama yake alihamia Baltimore, naye akakulia huko. Mwaka 2003 alikiongoza Chuo Kikuu cha Syracuse kupata ubingwa wa vyuo vyote vya Marekani, na mwaka ule ule timu ya Denver ikamchagua, akiwa wa tatu katika vijana wote waliochaguliwa. Wa kwanza alikuwa LeBron James. Mwaka 2011 akahamia New York. Katika msimu wa 2012 hadi 2013 alikuwa na wastani wa pointi 28.7 kwa kila mechi, akawapita wachezaji wote wa ligi. Tarehe 24 Januari 2014 alipata pointi 62 katika mechi moja. Tena aliichezea nchi yake, akapata nishani tatu za dhahabu katika michezo ya Olimpiki, mwaka 2008, 2012 na 2016.

Lakini ujana ni moshi, ukienda haurudi. Mwaka 2017 alipelekwa Oklahoma City. Siku za kwanza huko waandishi wa habari walimwuliza kama yu tayari kuanza mechi akiwa benchi, naye akacheka, kana kwamba ameulizwa jambo lisilowezekana. Msimu ukaisha vibaya, wakaachana naye. Mwaka 2018 akaingia timu ya Houston. Timu hiyo ilipenda mipira itupwe kutoka mbali sana au itiwe karibu kabisa na kikapu. Anthony alizoea kupokea mpira katikati ya umbali huo, akageuka polepole, akamwangalia mlinzi wake, kisha akatupa. Mwendo wake na mwendo wao haukupatana. Alicheza mechi 10 tu. Katika mechi ya mwisho, mwezi wa Novemba 2018, alitupa mara 11, na mpira ukaingia mara moja. Muda si muda viongozi wakatangaza ya kuwa wataachana naye. Mwezi wa Januari 2019 jina lake likahamishiwa Chicago, lakini hakuchezea timu ile hata mechi moja. Wakamwacha tarehe 1 Februari.

Tangu hapo alikaa nyumbani. Alifanya mazoezi kila siku, akingoja. Msimu wa 2018 ukaisha, msimu wa 2019 ukaanza, wala hapana timu iliyomwita. Wengi walisema kazi yake imekwisha.

5. Sababu za pande mbili

Basi viongozi wa Portland walikuwa na jambo la kupima, na kila upande wa mizani ulikuwa na uzito wake.

Mtu asemaye "wasimwite" alikuwa na sababu hizi. Kwanza, mtu huyo hakuwa amecheza mechi kwa zaidi ya mwaka mmoja, na mwili wa mtu wa miaka 35 haupati wepesi upesi kama wa kijana. Pili, hata katika siku zake za nguvu hakusifiwa kwa kuzuia. Sifa yake ilikuwa kutia mpira. Timu iliyokuwa ikifungwa sana, je, ingepona kwa kuongeza mtu asiyezuia vema? Tatu, timu ilikuwa na vijana, kama Nassir Little, aliyeingia ligi mwaka ule ule. Kijana hujifunza kwa kucheza, na dakika apewazo mkongwe ni dakika anazokosa kijana. Nne, jina kubwa lina hatari yake. Mtu aliyezoea kuwa mfalme huona vigumu kuwa askari. Naye akinung'unika, manung'uniko yake huenea chumbani mwote.

Mtu asemaye "wamwite" naye alikuwa na sababu. Kwanza, Portland walihitaji hasa kile alichokuwa nacho: mtu mkubwa wa mwili, wa kusimama pembeni mbele, awezaye kutia mpira hapo Lillard azuiwapo na watu wawili. Houston hawakuwa na haja hiyo. Portland walikuwa nayo. Pili, Lillard na McCollum wenyewe walimtaka. Hata mwaka 2017 walikuwa wamemshawishi aje kwao. Mgeni aliyekaribishwa na wenye nyumba hakai mlangoni. Tatu, gharama yake ilikuwa ndogo. Nne, jungu kuu halikosi ukoko. Mtu aliyecheza miaka 16 ameona kila namna ya shida uwanjani, naye hatishiki katika dakika ya mwisho.

Yafaa kuona ya kuwa sababu hizi hazikubishana juu ya jina lake wala juu ya sifa zake za zamani. Pointi 62 za mwaka 2014 hazikuweza kuhesabiwa katika mechi hata moja ya mwaka 2019. Swali la haki halikuwa "Alikuwa nani?" bali lilikuwa "Timu imepungukiwa na nini, naye yu tayari kufanya nini?"

6. Mkataba

Tarehe 14 Novemba 2019 habari zikaenea ya kuwa Portland wamepatana naye, na tarehe 19 akaanza kazi. Mkataba wenyewe ulikuwa wa hadhari. Alipewa mshahara wa chini kabisa ambao sheria za ligi zaruhusu kwa mtu mwenye miaka mingi kazini kama yeye. Tena haukuwa na ahadi ya msimu mzima. Kama asingefaa, timu ingeweza kumwacha mapema bila ya kumlipa mshahara wote uliosalia.

Mtu aliyewahi kulipwa zaidi ya dola milioni 20 kwa mwaka angeweza kuuona mkataba huo kuwa ni dharau. Anthony akautia sahihi. Kwa njia hiyo kila upande ulibeba sehemu yake ya hatari: timu ilitoa nafasi, na mchezaji akatoa fahari yake. Jezi aliyopewa ilikuwa na namba 00.

7. Mambo yaliyotokea

Usiku ule ule wa tarehe 19 Novemba aliingizwa uwanjani huko New Orleans. Lillard alikuwa anaumwa mgongo, hakucheza. Kikapu cha kwanza cha Anthony kilikuwa cha pointi 3, na watu wakashangilia. Lakini habari ya usiku ule haikuwa ya furaha tupu. Alitupa mara 14, ukaingia mara 4 tu. Alipata pointi 10, akapoteza mpira mara 5, na Portland wakashindwa kwa pointi 115 dhidi ya 104. Waliosema asiitwe wakaona kwamba walisema kweli.

Mwalimu wa timu, Terry Stotts, hakumrudisha benchi. Juma lililofuata mambo yakageuka. Portland walicheza mechi tatu, mbili na Chicago na moja na Oklahoma City, wakashinda zote. Na timu zote mbili zilikuwa zimemwacha mtu huyu. Anthony alipata pointi 25, kisha 19, kisha 23. Ligi ikamtaja kuwa mchezaji bora wa juma lile kwa upande wa magharibi. Mwezi wa Desemba timu ikaukubali mkataba wake kuwa wa msimu wote. Katika mwezi huo huo Rodney Hood, mmoja wa waliobaki katika wachezaji wa pembeni, alikatika mshipa wa kisigino. Kama mkongwe asingekuwapo, pengo lingekuwa kubwa zaidi.

Tarehe 7 Januari 2020 Portland walikuwa ugenini Toronto, mabingwa wa msimu uliopita. Mechi ilikuwa sawa sawa karibu mpaka mwisho. Zikiwa zimesalia sekunde chache tu, mpira ukaja kwa Anthony. Akautupa kutoka umbali ule ule wa katikati ambao Houston hawakuupenda, ukaingia. Portland wakashinda kwa pointi 101 dhidi ya 99, na 28 kati ya hizo zilikuwa zake.

Mwezi wa Machi 2020 ligi yote ilisimamishwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Wakati huo Portland walikuwa wameshinda mechi 29 na kushindwa 37. Ligi ilipoanza tena mwisho wa Julai, timu zilikusanywa mahali pamoja huko Florida, bila ya watazamaji. Anthony alikuja akiwa amepunguza mwili. Nurkić na Collins walikuwa wamepona, hivyo mahali pake pa kusimama palibadilishwa, ikampasa kukimbizana na watu wepesi kuliko aliowazoea. Portland walishinda mechi 6 katika 8. Tarehe 15 Agosti wakakutana na Memphis kugombea nafasi ya mwisho ya kuingia katika mashindano makubwa. Ikisalia chini ya nusu dakika, Anthony alitupa mpira wa pointi 3, ukaingia. Wakashinda kwa pointi 126 dhidi ya 122.

8. Kipimo cha haki

Mtu apendaye hadithi nzuri angetaka kusikia ya kuwa Portland wakawa mabingwa. Hawakuwa. Katika mzunguko wa kwanza walikutana na Los Angeles Lakers, wakashinda mechi moja, wakashindwa nne. Hesabu yao ya msimu ilikuwa mechi 35 za kushinda na 39 za kushindwa, chini sana ya zile 53 za mwaka uliotangulia. Mchezaji mkongwe hakuwaponya waliovunjika, wala hakuifanya timu izuie vema. Waliosema hivyo tangu mwanzo hawakukosea.

Lakini kazi aliyoitiwa aliifanya. Alicheza mechi 58, akapata wastani wa pointi 15.4 kwa kila mechi. Timu iliyokuwa na pengo ilipata mtu wa kusimama penye pengo. Bila yeye yamkini ile nafasi ya mwisho isingepatikana.

Tena lilikuwapo jambo lingine, ambalo halimo katika hesabu za pointi. Msimu uliofuata timu ilipata watu wengine wa pembeni, Anthony akaombwa aanze mechi akiwa benchi. Ni jambo lile lile alilolicheka mwaka 2017. Safari hii alikubali. Alicheza mechi 69, na karibu zote aliingia akitoka benchi. Akapata wastani wa pointi 13.4, na Portland wakaingia tena katika mashindano ya mwisho. Baadaye alicheza msimu mmoja Los Angeles, na mwezi wa Mei 2023 akatangaza kuacha mchezo, akiwa na jumla ya pointi 28,289. Mwaka 2025 jina lake liliingizwa katika nyumba ya kumbukumbu ya mpira wa kikapu huko Springfield, katika mji ule ule ambao Naismith alitundika vikapu vyake.

Kwa hiyo swali la timu yenye shida na mchezaji mkongwe lina jibu, ila si jibu moja kwa watu wote. Mtu yule yule hakufaa Houston mwaka 2018, akafaa Portland mwaka 2019. Si kwamba katika mwaka mmoja alirudia ujana. Bali mahitaji ya timu yalikuwa mengine, naye mwenyewe alikuwa amejifunza kukaa bila ya kuitwa. Timu imwitayo mkongwe kwa sababu ya jina lake hununua kivuli. Timu imwitayo kwa sababu ya kazi iliyo wazi, kwa bei iliyo haki, naye akakubali kuwa mdogo kuliko alivyokuwa, yaweza kupata faida, hata kama haitapata ubingwa.

Maswali

1. Mchezaji huru ni mtu wa namna gani? Uhuru wake una faida gani, na una hasara gani?
2. Taja mambo matatu yaliyoidhoofisha timu ya Portland kabla ya Novemba 2019.
3. Kwa nini Carmelo Anthony hakupatana na mwendo wa Houston?
4. Eleza jinsi timu na mchezaji walivyogawana hatari katika mkataba wao.
5. Kama ungekuwa kiongozi wa Portland, ungemwita au usingemwita? Toa sababu zako, na za yule asiyekubaliana nawe.